Daftari la wapiga kura na kazi za uandikishaji: maswali yanayorudi kila mara

Haya maswali yalianza kumiminika Julai 2024 uboreshaji wa daftari ulipozinduliwa Kigoma na hayajaisha mpaka leo, mara kadi, mara kuhama, mara zile kazi za muda zinapatikanaje na nani anawapa watu. Nimeyakusanya sehemu moja ili nisiwe nakopi na kupesti kila siku. Naongelea daftari na watu wanaoliandika tu, yaliyotokea kwenye uchaguzi wenyewe wa 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata ni mazito na yana sehemu yake, siyachanganyi humu.

Kwani kila miaka mitano tunaanza upya?

Hapana. Jina likishaingia linabaki. Kinachofanyika ni kuongeza wapya, kurekebisha waliohama au waliokosewa taarifa zao, na kuwatoa waliofariki au waliopoteza sifa. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya 2024, inaitaka Tume, yaani Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata, ndo maana mlisikia awamu ya kwanza na ya pili. Ya kwanza ilizinduliwa Kigoma 20 Julai 2024 na Waziri Mkuu wa wakati ule Kassim Majaliwa, ikazunguka nchi nzima hadi ikaishia Dar es Salaam 17 mpaka 23 Machi 2025. Ya pili ilianza 1 Mei 2025 na ilikwenda kwa kasi, watu wengi walishtukia imepita mkoani kwao.

Na hapa niseme kitu ambacho watu hawakukisikia vizuri. Awamu ya kwanza ilikuwa na vituo 40,126, Bara 39,709 na Zanzibar 417. Ya pili vituo havikufika hata 8,000. Kwaiyo ukisema moyoni "ntaenda ile ya pili" ujue kituo chako cha jirani kinaweza kisiwepo kabisa na ukalazimika kutembea, kama uko mjini sio ishu sana ila kijijini ambako kata moja unaimaliza kwa bodaboda ni nauli hiyo.

Mimi nilijiandikisha Oktoba 2024, nikaweka na saini mbele ya mwandishi mtaani kwetu, mbona baadae naambiwa simo kwenye daftari?

Hili ndo swali namba moja, na lilileta ugomvi kuliko mengine yote. Ulichoandikishwa 11 mpaka 20 Oktoba 2024 ni orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Ule uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, kijiji na kitongoji unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, sio Tume. Ile ilikuwa ni karatasi na kalamu, unataja jina, unasaini, unaondoka. Hukupigwa picha, hukuweka kidole, hukupewa kadi. Hilo tu lingetosha kukuonyesha ni mambo mawili tofauti lakini tusilaumiane, maana matangazo yote yalikuwa yanasema "jitokeze ukajiandikishe" na kuna mikoa vitu hivi viwili vilifuatana kwa karibu sana, mtu anatoka huku anadhani kamaliza.

Kanuni fupi: kama hukutoka na kadi mkononi, hukuandikishwa kwenye Daftari la Kudumu. Na kinyume chake ni hivyo hivyo, kadi ya mpiga kura haikuingizi kwenye orodha ya mtaa, kule unaandikishwa upya kila uchaguzi wa mtaa unapofika.

Nani anaruhusiwa kuandikishwa?

Raia wa Tanzania aliyefikisha miaka 18, au ambaye atakuwa ameifikisha ifikapo siku ya kupiga kura. Kwaiyo mdogo wako wa miaka 17 anaweza kabisa kuandikishwa kama bethidei yake inaangukia kabla ya uchaguzi, wazazi wengi waliwazuia watoto wao majumbani kwa kutojua hili.

Wafungwa je? Wengi wanadhani ukiingia gerezani basi. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilikiona kile kifungu cha sheria ya zamani kilichokuwa kinawafungia nje wafungwa kuwa kinaenda kinyume na Katiba, na sheria mpya ya 2024 ikaja na mpaka wake: anayetumikia kifungo kisichofika miezi sita anaandikishwa. Mahabusu nao, kwasababu hawajahukumiwa. Tume iliweka vituo 130 kwenye magereza Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo Zanzibar, ndo magereza ya kule.

Nimehama Tandika niko Kibaha sasa, kadi ninayo, si ntapiga tu popote?

Hapana mkuu, na hapa ndo watu wengi wanapoliwa kura yao bila kuibiwa na mtu. Jina lako limefungwa kwenye kituo ulichoandikishiwa. Ukiwa Kibaha na jina liko Tandika basi siku ya kura ama upande gari urudi Tandika ama ukae nyumbani. Unapohama unatakiwa ufike kwenye kituo cha unakoishi sasa wakati wa uboreshaji, unaeleza umehama, wanakutafuta kwenye mfumo, taarifa zinahamishwa, unapewa kadi mpya. Kule ulikotoka jina linaondoka lenyewe, usiende "kujiandikisha upya" kama mtu ambaye hajawahi, nitaeleza chini kwanini.

Fikiria pia unamchagulia nani. Rais ni mmoja popote ulipo, ila mbunge na diwani ni wa eneo. Diwani ndo anaehusika na barabara yako ya vumbi na zahanati yako. Sasa unabaki na kura ya diwani wa mtaa uliouhama zamani huko, inakusaidia nini?

Wanafunzi wa vyuo mnaulizia sana hili. Jiulize siku ya kura utakuwa wapi, chuoni au nyumbani, alafu ujiandikishe huko. Uchaguzi ukiangukia likizo na wewe umeandikishwa kituo cha karibu na hosteli, imekula kwako.

Mimi sijahama lakini nasikia jimbo langu limebadilika, niende tena?

Hapana. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya 8, yakawa 272 kwa jumla, Bara 222 na Zanzibar 50. Dar yakazaliwa Kivule na Chamazi, Dodoma likaja Mtumba, Mbeya likaja Uyole na mengine. Kata ikihamia jimbo jipya, wapiga kura wake wanakwenda nayo. Kadi yako inabaki ile ile hata kama jimbo lililoandikwa pale ni la zamani.

Kadi yangu ni ya 2015, imefifia, bado inatambulika?

Ndio, Tume ilisema wazi kadi za 2015 na za 2019/20 zote ni halali. Ila kama haisomeki au imechanika au imepotea nenda kituoni wakati wa uboreshaji wakuchapie nyingine, hakuna malipo. Narudia hakuna malipo, ukiambiwa utoe hata hela ya soda huyo ni wa kuripoti. Na kama siku ya kura imekukuta huna kadi lakini jina lako limo kwenye daftari, Tume imekuwa ikiruhusu utumie pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, mradi majina yafanane na yaliyoko kwenye daftari. Hapo kwenye majina kufanana ndo kwenye kazi. Kama huku ni Mwanaidi na kule ni Mwanahidi, karekebishe mapema, usisubiri ubishane na msimamizi saa moja asubuhi watu mia wako nyuma yako.

Ule mfumo wa kwenye simu unafanya kila kitu?

Haufanyi kila kitu, unakuanzishia tu. Ukiwa tayari umo kwenye daftari unaweza kuingia mtandaoni ukaanza mchakato wa kurekebisha taarifa au kuhamisha kituo, ila lazima ufike kituoni ukamalize na uchukue kadi. Faida yake ni kwamba unakuwa umeshajaza mambo mengi, ukifika hukai sana. Anaekwambia atakufanyia kila kitu stesheneri kwa elfu tano bila wewe kwenda kituoni anakudanganya, kidole na picha haviendi kwa wasap.

Baba alifariki, jina lake bado limo. Litatokaje?

Kwanza pole. Jina halijitoi lenyewe, mtu inabidi aende kutoa taarifa, na ndugu wa karibu ndo anafaa zaidi. Unakwenda kituoni wakati wa uboreshaji, ukiwa na kadi yake ya mpiga kura bebana nayo, unaeleza.

Kwenye makadirio ya mzunguko uliopita Tume ilitarajia kuondoa watu 594,494 na wengi wa kundi hilo ni marehemu. Lakini hebu tuwe wakweli, vifo vingapi vijijini vinasajiliwa? Mtu anazikwa Jumanne, Ijumaa ni hitma au Jumapili ni ibada, watu wanatawanyika, nani anakumbuka daftari la wapiga kura? Matokeo yake majina yanabaki miaka na miaka, alafu siku ya uchaguzi chama kimoja kinapiga kelele kuna wapiga kura hewa na chama kingine kinasema ni uzushi, na kila mmoja ana kaukweli kake. Jina la marehemu kubaki sio lazima liwe hila ya mtu, mara nyingi ni sisi ndugu hatukwenda. Ila likibaki linampa nafasi mwenye hila, hilo nalo halikataliki.

Hivi nikijiandikisha sehemu mbili kuna mtu atajua?

Mashine itajua. Tangu 2015 tunatumia mashine za BVR, zinachukua picha, alama za vidole na saini, na taarifa zikifika makao makuu zinalinganishwa. Zamani, daftari lilipoanza kuandikwa 2004, ilikuwa ngumu zaidi kumnasa mtu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au kifungo cha kuanzia miezi sita hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ndo maana nimesema juu, ukihama sema umehama.

Hawa maafisa wa uandikishaji wanateuliwa na nani?

Tume, ila sio kwamba Mwenyekiti wa Tume Jaji Jacobs Mwambegele anakaa anachagua vijana wa kata yenu. Inashuka kwa ngazi. Mkoani kuna mratibu wa uandikishaji. Kwenye jimbo kuna afisa mwandikishaji na wasaidizi wake. Kwenye kata kuna afisa mwandikishaji msaidizi ngazi ya kata. Hawa wa jimbo na kata kwa kawaida ni watumishi wa umma, wengi wako halmashauri au shuleni au ofisi ya kata, wanaazimwa kwenye kazi zao. Alafu kituoni unakutana na watu wawili: mwandishi msaidizi, yule anaekuhoji na kujaza fomu, na mwendesha kifaa cha bayometriki, yule wa mashine anaekwambia inua kidevu.

Wale wawili wa kituoni ndo wengi kuliko wote na ndo wanaochukuliwa kutoka mtaani. Na mimi naona ndo wenye uzito kuliko tunavyowachukulia. Jina likikosewa herufi linakosewa pale. Tarehe ya kuzaliwa ikigeuzwa inageuzwa pale. Tunabishana miezi kuhusu nani kakaa juu kwenye Tume, sawa, ni ya muhimu, ila kijana aliyelala masaa matatu anaandika jina la bibi yako ambaye hana meno ya mbele, hapo hakuna anaeangalia.

Na wakurugenzi wa halmashauri je, si walikatazwa?

Hii ina historia. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema vile vifungu vya sheria ya zamani vinavyowafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi moja kwa moja ni kinyume na Katiba, hoja ikiwa kwamba wanateuliwa na Rais na baadhi waliwahi kuwa makada. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitengua ile hukumu, wakaendelea. Sheria mpya za 2024, ikiwemo ile ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi Na. 2, zikabadilisha maneno, sasa Tume inateua kutoka kwa watumishi wa umma waandamizi badala ya cheo cha mkurugenzi kumbeba mtu chenyewe. Wanaosifia wanasema ni hatua. Wanaokosoa wanasema mtumishi wa umma mwandamizi bado bosi wake ni yule yule. Kwa mtazamo wangu, hawa wanaokosoa wana hoja, kubadilisha anaeteua ni jambo moja, ila anaempandisha cheo na kumhamisha baada ya uchaguzi kwisha hakubadilika.

Nataka hiyo kazi ya mwandishi msaidizi, napitia wapi?

Fuatilia mbao za matangazo za halmashauri yako na ofisi ya kata, na tovuti ya halmashauri, wiki kadhaa kabla mkoa wenu haujafikiwa. Matangazo mengi yalitaka Mtanzania wa miaka 18 na kuendelea, elimu ya kidato cha nne kwenda juu, mkazi wa eneo, asiwe kiongozi wa chama cha siasa, na kwa wa mashine awe anajua kompyuta. Unaandika barua kwa mkono, unaambatanisha vyeti, unaitwa kwenye usaili. Ukipita kuna mafunzo, mnafundishwa fomu na mashine kwa vitendo, na kabla ya kuanza mnakula viapo.

Wengi mnauliza kama kuna kujuana. Nisiseme uongo, malalamiko ya mtoto wa fulani hayakosekani popote penye posho. Ila omba, na omba mapema, kuna kata vijana wanaojua kompyuta vizuri walikuwa wa kutafuta.

Mimi ni mwanachama wa chama, basi nimekosa?

Uanachama wa kawaida haukuzuii kuomba, ila ukiteuliwa kuna vitu viwili unafanya: kiapo cha kutunza siri, na tamko la kujitoa uanachama wa chama cha siasa. Sio utani, unasaini. Kama una kadi ya chama na uongozi wa tawi alafu unasaini tamko huku jioni uko kikaoni, umejiingiza mwenyewe. Taarifa za watu unazoziona pale nazo haziruhusiwi kutoka, usipige picha skrini ya mashine ukarusha kwenye grupu.

Wale wanaokaa pembeni kituoni na daftari lao wanafanya nini?

Ni mawakala wa vyama. Kila chama kinaruhusiwa kuweka wakala kituoni, nao wanaapishwa. Kazi yao kubwa ni kusaidia kutambua watu, huyu ni mkazi, huyu hatumjui, huyu ni mdogo. Mikoa ya mpakani kama Kigoma, ambako kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na lugha za pande mbili za mpaka zinafanana, wakala anaewajua watu ni wa maana sana. Ila hawaruhusiwi kumwingilia mwandishi kazi yake wala kukuuliza wewe utampigia nani. Na wala sio wa kukufukuza, wakiwa na shaka wanasema kwa mwandishi.

Vyama vyenyewe vinalalamika sana daftari likishafungwa, lakini ukipita vituoni siku ya tatu ya nne hukuti wakala zaidi ya mmoja. Kumweka mtu siku saba bila posho ni ngumu, naelewa, ila ndo hivyo.

Nikiona mtu asiye na sifa kaandikishwa?

Kuna kipindi orodha ya awali inabandikwa wazi, mwaka 2025 ilibandikwa sambamba na awamu ya pili. Pale unaangalia jina lako, unaomba marekebisho, au unaweka pingamizi dhidi ya mtu na unatakiwa uwe na sababu. Usiporidhika na uamuzi wa afisa kuna mahakama ya wilaya. Ni kipindi kifupi na ndo kinachopuuzwa kuliko vyote, karatasi zinaning'inia ukutani na mbuzi anapita.

Foleni je? Nina mtoto mchanga.

Vituo vinafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku saba. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu hawapangi foleni, nenda mbele useme. Siku mbili za mwisho ndo balaa kila mkoa, siku ya pili na ya tatu unakuta mwandishi anapiga miayo.

Zanzibar inakuwaje?

Kuna madaftari mawili. La ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ni la kumchagua Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani, na lina masharti yake ya ukaazi. Waliomo humo wanatumika pia kwenye kura ya Rais wa Muungano na wabunge. Walioko Zanzibar ambao hawana sifa za ZEC ila ni raia wanaandikishwa na Tume ya Taifa. Mwaka 2025 ZEC walikuwa 725,876 na walioandikishwa na Tume ya Taifa kule visiwani 278,751.

Kwanini idadi iliruka hivyo?

Wapiga kura walioandikishwa walitoka 29,754,699 mwaka 2020 hadi 37,655,559 mwaka 2025, ongezeko la kama asilimia 26.55, wanawake wakiwa wengi kidogo, 18,943,455. Makadirio ya mwanzo ya Tume yalikuwa kufika 34,746,638, kwaiyo yalipitwa kwa karibu milioni tatu. Wapo walioshtuka, na kushtuka ni haki yao. Nchi ina vijana wengi kweli, sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120, ila pengo la karibu milioni tatu kati ya makadirio na matokeo linastahili maelezo ya kata kwa kata, na sio kuambiwa tu hamasa ilikuwa kubwa.

Niko Muscat, naweza kuandikishwa ubalozini?

Hapana. Uandikishaji na upigaji kura ni ndani ya nchi tu, panga likizo yako. Na kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine hilo nalo linakuondoa, hatuna uraia pacha.

Lini tena?

Tarehe inatangazwa na Tume na ratiba inakuja kwa mikoa. Ukisikia gari la matangazo linapita mtaani kwenu jua zimebaki siku chache, na ukisikia mkoa wa jirani umeanza, angalia ratiba kama wenu ndo unaofuata, maana mashine zinatoka huko zinakuja kwenu.